Shule moja, lugha 9: tufundishe lugha mama ipi?

#1 MwalimuVoi (mleta mada)

Salaam, wanajamvi. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa mjini Voi, kaunti ya Taita Taveta. Muhula uliopita mkuu wetu wa shule alileta katika kikao cha walimu pendekezo la kuanzisha somo la lugha mama, vipindi 2 kwa wiki, akanikabidhi mimi kazi ya kulichunguza. Msingi wa pendekezo lenyewe upo: kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iendeleze na kulinda lugha za watu wa Kenya, na mtaala wa umilisi umeziweka lugha za kienyeji miongoni mwa masomo ambayo mwanafunzi wa sekondari ya juu anaweza kuyachagua.

Nilipita madarasani na karatasi, nikamwomba kila mwanafunzi aandike lugha anayozungumza bibi yake, nikarudi ofisini na lugha 9: Kidawida (lugha ya Wataita), Kisaghala, Kitaveta, Kikamba, Kigiriama, Kiduruma, Dholuo, Kisomali na Kigikuyu. Wengine 14 waliandika Kiswahili peke yake. Nina chumba kimoja, vipindi 2 na mwalimu mmoja, ambaye ni mimi, na katika lugha hizo zote ninayoimudu vizuri ni Kidawida tu. Je, katika shule ya namna hii tufundishe lugha ipi? Na nyinyi ambao shule zenu zilijaribu zikashindwa, mnadhani kilichoziangusha ni nini?

#2 NyakwarRamogi

Asante kwa mada. Sisi tulijaribu karibu na Kisumu, mahali ambapo huwezi kudai kwamba kuna mchanganyiko mkubwa wa lugha, na bado tulianguka. Mwalimu wa Dholuo alikuwa hodari, vitabu vichache vilipatikana, na wanafunzi 30 na ushei walijiandikisha kwa hiari yao. Muhula wa pili ulipoanza, mwalimu wa taaluma aliuliza swali moja tu: somo hili litatahiniwa wapi? Mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne haukuwa na karatasi ya Dholuo, kwa hiyo kipindi kilisogezwa hadi saa kumi jioni, saa ambayo kila mtoto anataka kwenda uwanjani au kurudi nyumbani. Kisha kikamegwa kwa ajili ya marudio ya hisabati, kisha kikatoweka kwenye ratiba bila hata tangazo. Hakuna aliyekichukia. Kilikufa kwa kuwa hakikuwa na alama. Mwalimu, usihangaike na swali la lugha ipi kabla hujapata jibu la mtihani.

#3 MzeeRabai

Mwanangu Nyakwar, mtihani ni jani, mzizi uko chini. Nilisoma shule ya msingi huku Rabai katika miaka ya 1960. Palikuwa na kipande cha mbao, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba ya katani. Aliyesikika akisema Kirabai alivishwa shingoni, na njia ya kukivua ilikuwa kumvizia mwenziwe naye aseme neno. Kengele ya jioni ilipolia, aliyekuwa nacho alitakiwa kumtaja aliyemvisha, naye huyo amtaje wake, mpaka mnyororo uishe, ndipo wote wachapwe. Mimi nilikivaa siku ambayo mdogo wangu aliteleza kwenye ngazi za darasa, nikamkemea kwa Kirabai ashike ukuta. Nilichapwa kwa kumwokoa ndugu yangu asianguke.

Nilipopata watoto niliwalea kwa Kiswahili na Kiingereza. Sikuketi chini nikaamua hivyo. Ulimi ulikuwa umekwisha kuamua zamani. Leo wajukuu wangu ndio mnaotaka kuwafundisha lugha hiyo kwa vipindi 2. Hapa Rabai ndipo wamisionari Krapf na Rebmann walipoweka makao mwaka 1846 na kuanza kuiandika lugha yetu, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba tatizo letu ni ukosefu wa maandishi. Tatizo ni aibu, na aibu ilifundishwa shuleni.

#4 Wakili_Kitui

Shikamoo, Mzee. Umeniumiza moyo na hicho kipande, maana hata mimi nilikikuta shuleni miaka ya 1980, ila chetu kilikuwa kifuniko cha mkebe.

Hata hivyo, naona mmesahau woga. Baada ya ghasia za 2007 na 2008 zilizofuata uchaguzi mkuu, lugha zetu zilisimamishwa kizimbani pamoja na wanasiasa. Mtangazaji wa redio ya lugha ya kienyeji alifikishwa katika mahakama ya kimataifa ya The Hague, na ingawa kesi hiyo ilikoma mwaka 2016, wazo lilibaki kwamba ukiwakusanya vijana ukasema nao kwa lugha yao, basi kuna jambo unalolipanga. Mkuu wa shule aliyepitia kipindi kile hawezi kuwatenga wanafunzi kwa lugha zao hata kwa dakika 40 bila kujiuliza wenzake watasema nini. Ndiyo maana tangu uhuru serikali zote zimekwepa kuwa na sera yoyote juu ya lugha mama shuleni.

#5 Msasi_wa_Nyaraka

Wakili, hoja yako ya woga ina uzito, lakini sentensi ya mwisho si sahihi. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza, na hiyo pia ni sera. Kamati ya Gachathi ya 1976 ndiyo iliyopendekeza watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule, kisha Kiingereza kishike hatamu kuanzia darasa la nne. Sera imekuwapo kwa miongo kadhaa. Ilichofanya ni kuishia darasa la tatu, na kwa sababu hiyo mtoto alifika sekondari akiiona lugha ya nyumbani kama nguo ya utotoni iliyokwisha kumbana.

Nanyi wengine mjue kwamba masomo ya lazima katika sekondari ya msingi (gredi ya 7 hadi ya 9) yalipopunguzwa hadi 9 mwaka 2024, lugha za kienyeji hazikuwamo. Mwanafunzi anayeichagua lugha yake katika sekondari ya juu atakuwa amekaa miaka 3 bila kuigusa darasani.

#6 BintiMvita

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mwalimu, wale 14 walioandika Kiswahili umewahesabu kuwa hawana lugha mama?

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Lugha ya mamangu ni Kimvita. Nikiwa kidato cha kwanza niliandika insha kuhusu bibi yangu, aliyekuwa akibeba mtungi "kitwani", akishika "ndia" ya kisimani huku akitazama "tini". Insha ilirudi na mistari 3 myekundu chini ya maneno hayo 3, na pembeni mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa Pwani, ameandika: "Jifunze Kiswahili sanifu." Wenzangu wa bara walipokosea walivumiliwa kwa kuwa si lugha yao. Mimi nilionekana mzembe kwa kuwa ni lugha yangu. Karatasi ile niliikunja mara 4, nikaitia ndani ya kifuniko cha msahafu ili mamangu asiione, kwa maana maneno yaliyopigwa mistari yalikuwa yake.

Tangu mkutano wa Mombasa wa 1930 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, sisi tumekuwa wageni katika nyumba tuliyoshiriki kuijenga. Watu husema Mswahili ana bahati kwa kuwa lugha yake inafundishwa nchi nzima. Naomba mniambie ni kipindi gani katika wiki kinachofundisha lugha ya mamangu.

#7 Msasi_wa_Nyaraka

Dada BintiMvita, mkutano ulikuwa 1928. Mwaka 1930 ndipo ilipoundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia usanifishaji. Hilo halipunguzi lolote katika hoja yako, na nadhani ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotangulia.

#8 Kampala_Kwetu

Habari zenu, majirani. Ninafundisha sekondari nje kidogo ya Kampala, na ningependa kumjibu NyakwarRamogi, kwa sababu sisi huku mtihani tunao. Luganda hutahiniwa katika mtihani wa kitaifa, wa kidato cha nne na wa kidato cha sita, na lugha nyingine kadhaa nazo zina karatasi zao, kama vile Runyankore-Rukiga, Runyoro-Rutooro, Ateso na Lugbara. Alama zipo, vitabu vipo, walimu wa Luganda wapo.

Sasa tazameni kilichotokea shuleni kwangu. Mwalimu wa lugha za kienyeji aliyeajiriwa ni wa Luganda peke yake, kwa hiyo mwanafunzi Mwacholi na mwanafunzi Mlugbara wote huketi katika darasa la Luganda. Nina kijana mmoja kutoka Gulu aliyepata alama ya juu kabisa, anajua methali za Kiganda kuliko vijana wengi wa Buganda, na alipokwenda likizo alishindwa kumsomea bibi yake barua ya kanisa iliyoandikwa kwa Kiacholi. Mtihani ulimpa lugha, lakini lugha ya jirani. Kwa hiyo swali la lugha ipi halingojei swali la mtihani. Yote mawili huingia mlangoni kwa pamoja.

#9 MmachameMoshi

Kwanza nimpongeze Mzee wa Rabai: uandishi wake ni wa kusomewa darasani, na kama angekuwa mwanafunzi wangu ningebandika insha yake ukutani.

Pili, nitasema neno ambalo huenda lisipendwe. Sisi Tanzania tulichagua njia nyingine. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967, na lugha za jamii hazijawahi kuingia darasani. Matokeo yake, mimi wa Kilimanjaro ninakaa na mtu wa Kigoma na wa Lindi tukazungumza mambo mazito bila mkalimani, na hakuna anayejiuliza ninatoka ukoo gani. Mkizigawa shule zenu kwa lugha 9, mtakuja kuwa na vyama 9 vya wanafunzi. Hata hivyo, sitaficha kwamba nilipomzika mama mwaka juzi, wazee walisimama kunena maneno ya kimila kwa Kimachame, Kichagga cha kwetu, nami, mtoto wake wa kwanza, nikalazimika kumwomba binamu anieleze. Nilisimama pale kaburini nikatafsiriwa maneno ya kumuaga mama yangu mwenyewe.

#10 Msasi_wa_Nyaraka

Pole sana kwa msiba, ndugu Mmachame. Naomba nirekebishe jambo moja. Lugha za jamii zimewahi kuingia darasani huko kwenu. Shule za misheni ya Kilutheri katika Kilimanjaro zilifundisha kwa Kichagga kabla ya uhuru, na mmisionari Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi kwa miaka mingi, aliandika sana kuhusu lugha na desturi za huko. Huenda babu yako alijua kusoma Kichagga kabla ya kusoma Kiswahili. Kilichotokea ni kwamba mlango uliokuwa wazi ulifungwa.

#11 MmachameMoshi

Nimekubali marekebisho. Kweli, babu alikuwa na kitabu cha nyimbo cha Kichagga, nami siku zote nilidhani amejifunzia kanisani tu. Lakini bado nashikilia hoja ya umoja.

#12 Mama_Hodan

Nawaandikia kutoka Isiolo. Mimi ni Msomali, mume wangu ni Mborana, na binti yetu yuko sekondari. Akiwa na mimi hunijibu kwa Kiswahili, na akiwa na baba yake humjibu kwa Kiswahili. Mwalimu akimwuliza lugha mama yake, aandike yangu au ya babake? Alipoulizwa shuleni aliacha nafasi tupu, akaambiwa hajamaliza kujaza fomu.

Kwa wanaosema lugha zetu haziwezi kubeba masomo ya sekondari, nawaletea mfano wa ndugu zetu wa Somalia. Kisomali kilipewa maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, na kabla ya muongo ule kwisha kilikuwa kinafundishia hata sekondari. Mjomba wangu alisoma fizikia na jiografia kwa Kisomali, na hadi leo akieleza mvutano wa dunia huusimulia kama hadithi. Kilichovunja shule zile ni vita, si udhaifu wa lugha. Najua mtasema kwamba Somalia ina lugha moja kubwa, ilhali Voi ni 9. Hilo sina jibu lake.

#13 MwalimuVoi

Nimesoma kila neno, ahsanteni. Dada BintiMvita, umenifanya nirudi kwa wale 14. Watatu kati yao wana asili ya Lamu na lugha ya nyumbani ni Kiamu. Niliwafunika kwa neno moja kwa sababu ndivyo na mimi nilivyofunzwa chuoni. Nimewaomba radhi.

Wiki hii nilijaribu kitu. Niliandika katikati ya ubao "mtu – watu", nikawapa chaki. Msichana Mgiriama akaandika "mutu – atu". Mkamba akaandika "mundu – andu", na mwenzake Mkikuyu akanyanyuka kumtilia alama juu ya u, ikawa "mũndũ – andũ", akisema kwamba bila alama hiyo mama yake hawezi kulisoma. Mkamba akakubali kwamba hata kwao ndivyo inavyoandikwa. Kisha mvulana wa Dholuo akaandika "ng'ato – ji" na wa Kisomali "qof – dad". Darasa likatulia. Yule Mgiriama akauliza: mbona yenu hayabadiliki mwanzoni kama yetu? Mvulana wa Dholuo hakuwa na jibu. Kesho yake alikuja kabla ya gwaride na karatasi aliyoandika na babake usiku: "got – gode" kwa mlima na milima, "buk – buge" kwa kitabu na vitabu. Alikuwa amegundua kwamba lugha yake hubadilikia mwishoni, t ikawa d, k ikawa g. Nimefundisha miaka 17 na sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kunisubiri mlangoni kwa ajili ya umoja na wingi.

Sasa ninajiuliza kama jibu si kuchagua lugha moja, ila kufundisha zote kwa pamoja kwa namna hii.

#14 NyakwarRamogi

Mwambie huyo kijana kwamba mambo hugeuka pia: "kidi – kite", jiwe na mawe, hapo d ndiyo inayokuwa t. Atafurahi.

Lakini, Mwalimu, kwa heshima zote, hicho ulichofundisha ni isimu. Ni kizuri, nami ningependa kukaa katika darasa hilo, lakini mwanafunzi atatoka humo akijua mambo kuhusu lugha 9 bila kuweza kumwandikia nyanya yake aya moja kwa hata lugha moja. Lugha hufundishwa kwa kusoma kurasa nyingi na kuandika kurasa nyingi, mwaka baada ya mwaka. Ukigawanya vipindi 2 kwa lugha 9, kila lugha haipati hata dakika 10 kwa wiki.

#15 Wakili_Kitui

Hapo Nyakwar amesema kweli, lakini niongeze jambo la maandishi ambalo Mwalimu amelipitia haraka. Kikamba na Kigikuyu vina irabu 7, na ĩ na ũ ni herufi kamili. Vijana wetu huandikiana kwa simu bila alama hizo, kwa hiyo wanaandika lugha yao kila siku, maelfu ya maneno, kwa tahajia ambayo hakuna mwalimu aliyeipitisha. Mkianzisha somo na jambo la kwanza mkafanya ni kuwapigia mistari myekundu kwa kukosa alama, mtakuwa mmewarudishia kile kipande cha Mzee. Mkiacha kila mtu aandike apendavyo, vitabu havitasomeka. Huku Kitui nimeona darasa likivunjika kwa jambo hilo peke yake, mwalimu wa Mwingi na mwalimu wa Machakos hawakubaliani juu ya maneno ya kufundisha.

#16 BintiMvita

Kaka Wakili, ndiyo maana nasema usanifishaji una gharama, na gharama yake hulipwa na mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake haikuchaguliwa. Mkiteua Kidawida cha kijiji kimoja kiwe ndicho cha kitabuni, patatokea kina BintiMvita wapya katika milima ya Taita. Na Msaghala je, ambaye hudai kwamba lugha yake si Kidawida hata kidogo?

#17 Kampala_Kwetu

Huku kwetu majina yenyewe yenye kistari, Runyankore-Rukiga na Runyoro-Rutooro, yalitokana na kuunganisha lugha mbili mbili kwa ajili ya vitabu. Wapo wanaofurahia na wapo ambao hadi leo hawajaridhika. Lakini vitabu vilichapishwa.

#18 MzeeRabai

Marahaba, Wakili, na nyote mlioniamkia. Nimewasikia wa mtihani, wa woga, wa tahajia na wa umoja. Mimi jana nilimwita mjukuu wangu wa sekondari, tukaketi chini ya mwembe, nikamwambia anitajie kwa Kirabai vitu anavyoviona uani. Alitaja 6. Nikamwuliza kuku anaitwaje akiwa bado hajataga, akanitazama tu. Nikamwambia. Akaandika mkononi kwa kalamu. Mimi ningependa shule imtume mwanafunzi nyumbani na maswali, kisha imsikilize akirudi, kwa sababu mwalimu wa Kirabai ninaye hapa, ndiye mimi, na hakuna aliyewahi kuniita shuleni tangu nilipostaafu.

#19 Mama_Hodan

Mzee, Mungu akupe umri. Lakini kuna mtoto ambaye nyumbani hana mwembe wala babu, amelelewa na shangazi mjini asiyejua lugha hiyo. Huyo akitumwa na maswali atarudi na karatasi tupu, kama binti yangu na fomu yake.

#20 MwalimuVoi

Kikao ni Alhamisi. Fomu ninayotakiwa kuwasilisha ina mstari mmoja: "Lugha itakayofundishwa". Nimeandika Kidawida, nikafuta, nikaandika "lugha za wanafunzi", nikafuta. Kidawida kina watoto wengi zaidi na ndicho ninachoweza kukisimamia kwa kurasa na insha kama anavyotaka Nyakwar, lakini kila nikiandika namwona yule mvulana na karatasi yake ya "got – gode". Mkuu wa shule amesema mstari usiachwe wazi.

#21 NyakwarRamogi

Andika Kidawida. Lugha moja ikifundishwa vizuri kwa miaka 3, wazazi wa nyingine watakuja wenyewe kudai zao.

#22 BintiMvita

Usiandike Kidawida peke yake. Ongeza karatasi nyuma ya fomu, uandike zote 9 na Kiamu cha wale watatu, ili anayetia sahihi ajue amewaacha watoto gani.